Kabla ya simu: dada aliyenyonga kilomita 47,000 akiwa na kadi mfukoni

Siku hizi mtu akinyonga baiskeli kutoka Mbezi hadi Bagamoyo, akifika hatafuti maji, anatafuta simu aone kama safari imeingia. Simu ikizima chaji njiani, uso unamshuka kama kafiwa. Eti kama haipo kwenye programu, hujaendesha! Leo tuwaongelee watu walionyonga, wakahesabu, na dunia ikawaamini wakati simu yenyewe bado ilikuwa ya waya ukutani.

Tuanzie Marekani, mwaka 1895. Jamaa mmoja wa mji wa Hartford, Curtis Veeder, alitoa kidude kidogo cha chuma cha kufunga karibu na ekseli ya gurudumu la mbele. Kwenye spoki unabana kipini. Gurudumu likizunguka mara moja, kipini kinagonga kigurudumu chenye meno, kinasogea jino moja, na ndani namba zinapanda taratibu. Hakuna betri wala bando. Kwa kuwa mzingo wa tairi unajulikana, mizunguko inageuka kuwa maili. Basi.

Ila kina udhaifu mmoja. Geuza baiskeli miguu juu, zungusha gurudumu kwa mkono huku unakunywa chai, na chenyewe kitahesabu tu. Ndiyo maana wenye mashindano walitaka kitu kingine juu yake, yaani binadamu. Kwenye mbio za Paris hadi Brest na kurudi, mwaka 1891, karibu kilomita 1,200, waendeshaji walibeba kitabu na kusainiwa kwenye vituo vya njiani. Charles Terront alishinda kwa saa 71 na dakika 22. Safari hiyo bado ipo, hufanyika kila baada ya miaka minne, na mpaka leo watu wanabeba kadi ya karatasi ya kugongwa mihuri.

Sasa dada mwenyewe. Billie Fleming, Mwingereza, wakati huo akijulikana kama Billie Dovey. Tarehe 1 Januari 1938, akiwa na miaka 23, aliondoka London na baiskeli ya gia tatu, nia yake kuendesha kila siku ya mwaka ule, hata moja isipite. Alitaka kuonyesha kwamba baiskeli inajenga afya, na kwamba mwanamke anaweza. Enzi zile hilo la pili lilikuwa na wabishi wengi (bado wapo, tusidanganyane).

Alifanyaje ushahidi? Kwenye baiskeli alifunga kihesabu maili. Mfukoni alikuwa na kadi. Huko anakopita anaomba mtu amsainie kwamba kweli amemuona, kisha kadi zinatumwa kwenye gazeti la Cycling, wao ndio wanakagua. Majina ya wale waliosaini wengi wao hakuna anayeyakumbuka, lakini bila kalamu zao yule dada angebaki mpiga stori tu. Mwisho wa mwaka hesabu ilisoma maili 29,603.7, yaani zaidi ya kilomita 47,600. Gawa kwa siku 365: kama kilomita 130 kwa siku. Hiyo ni Dar mpaka Chalinze na chenji inabaki. Kila siku, mvua na theluji, kwa gia tatu! Alifariki 2014, akiwa na miaka 100.

Mwaka uliofuata, 1939, Tommy Godwin akaja na balaa lake: maili 75,065 ndani ya mwaka mmoja, wastani wa kilomita 330 kwa siku. Vita ilianza akiwa barabarani, usiku taa zikawa za kuzibwa ili ndege za adui zisione, yeye ananyonga tu. Naye ushahidi wake ulikuwa kadi na saini. Rekodi ile ilikaa hadi Januari 2016.

Baadaye sumaku ikachukua nafasi ya kipini. Kuanzia miaka ya 1980 vikaenea vikompyuta vidogo: sumaku kwenye spoki, kisoma sumaku kwenye uma, namba kwenye kioo. Vipo hadi leo, na betri ndogo ya duara inakaa miezi mingi. Kazi yako ni kukiambia tairi lako lina mzingo gani, na hapo ndipo wengi wanachemka, wanaweka namba ya kubahatisha. Chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, jaza upepo, kaa juu ya baiskeli, isogeze hadi alama irudi chini, kisha pima kwa futi kamba. Ukiweka mita 2.20 wakati tairi lina 2.10, katika kila kilomita 100 unazojisifia, karibu tano ni hewa.

Na kama hata hicho huna, daftari lipo. Tarehe, ulipotoka, ulipofika, nani alikuona. Mbao za kilomita za barabara kuu zinatosha kuhesabia.

Ninaowawazia zaidi ni wale wanaoingiza mkaa mjini alfajiri kwa baiskeli. Chukua mfano wa mtu wa kilomita 60 kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki: kwa mwaka ni kilomita 18,720, tena na magunia nyuma. Kama mzee wako alikuwa wa kazi hiyo na aliwahi kuandika safari zake popote, hata nyuma ya kalenda, tupia hapo chini tusome.