Walioondoka na Walioondolewa: Wakuba wa Uhamishoni

Aghalabu Wakuba wa Miami hutajwa kana kwamba ni kundi moja lenye rai moja. Historia yao haikubaliani na mazoea hayo.

Waliotangulia kufika Marekani baada ya mapinduzi ya 1959 walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wenye mali, mawakili, madaktari na wafanyabiashara. Hawakujiona wahamiaji, walijiona watu waliotoka kwao kwa muda tu. Hata kushindwa kwa Kikosi 2506 katika Ghuba ya Nguruwe, Aprili 1961, hakukuwakatisha tamaa ya kurejea. Kwa wengi wao, kuzungumza na serikali ya Fidel Castro kulikuwa usaliti.

Watoto wao walilelewa katika hali nyingine. Kati ya 1960 na 1962 watoto zaidi ya 14,000 walipelekwa Marekani pasipo wazazi. Wengi wa kizazi hicho walisoma wakati wa vita vya Vietnam na harakati za haki za watu weusi, na baadhi yao wakaanza kuuliza mambo ambayo nyumbani hayakuulizwa. Mwaka 1974 walianzisha jarida la Areíto. Mwishoni mwa 1977 vijana 55 wa Brigedi ya Antonio Maceo wakaizuru Kuba. Sharti moja la kujiunga na brigedi hiyo lawahusu hasa wanalugha: mwanachama awe alitolewa Kuba kwa uamuzi wa wazazi wake. Mzazi aliondoka, mtoto aliondolewa. Kwa maoni yetu, siasa yote ya vijana hawa imo katika kauli hiyo ya kutendwa.

Mazungumzo ya 1978 na serikali ya Kuba yalileta kufunguliwa kwa wafungwa wapatao 3,600, na mwaka uliofuata Wakuba zaidi ya 100,000 wakaenda kuwaona jamaa zao. Wale walioitwa "gusanos", yaani funza, walirudi na zawadi, na watu kisiwani wakasema kwa mzaha kuwa funza wamegeuka vipepeo. Si wote waliocheka. Aprili 1979 Carlos Muñiz Varela, mwanabrigedi aliyeshughulikia safari hizo, aliuawa kwa risasi huko San Juan, Puerto Rico.

Waliofuata, wapatao 125,000 kutoka bandari ya Mariel mwaka 1980, na wale wa maboya wa 1994, waliacha nyuma ndugu wa kutumiwa fedha; vikwazo kwao vilikuwa jambo la chakula cha mama. Hata hivyo, asidhani msomaji kuwa kila wimbi hulegea kuliko lililotangulia. Mwaka 2020 Wakuba wengi wa Florida, wakiwamo baadhi ya waliofika baada ya 2010, walimpigia kura Donald Trump, ambaye serikali yake ilikuwa imezibana safari hizo na fedha hizo hizo.