Mtoto Hufuata Mama: Sheria ya 1662 na Kuundwa kwa Jamii ya Kikoloni ya Virginia

Historia ya makoloni ya mwanzo ya Waingereza katika Amerika ya Kaskazini mara nyingi huelezwa kama historia ya upandikizaji. Watu walivuka bahari wakiwa na lugha yao, parokia zao na mahakama zao, wakavipanda katika ardhi ngeni. Kwa sehemu kubwa maelezo hayo ni sahihi. Virginia, iliyoanza na ngome ya Jamestown mwaka 1607, ilikuwa na baraza la wawakilishi kufikia Julai 1619, na baadaye ikapata wilaya, mahakimu na wazee wa kanisa waliofanya kazi zilezile walizofanya wenzao kule Uingereza. Hata hivyo, urithi huo haukupokewa wote. Mjadala huu unahusu kanuni moja ya sheria ya Uingereza ambayo wakoloni wa Virginia waliipindua, pamoja na kesi iliyowaonyesha hasara ambayo wangepata kama wangeiacha ilivyo.

Kanuni hiyo ilihusu nasaba. Kwa mujibu wa sheria ya kimapokeo ya Uingereza, hadhi ya mtu ilitoka kwa baba. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuwa na haki ya kurithi, lakini parokia ilimsaka baba yake na kumlazimisha agharamie malezi, ili mzigo usiwaangukie walipa kodi. Kanuni ya kufuata upande wa mama haikuwa ngeni katika sheria hiyo, ila ilitumika kwa mifugo: ndama alikuwa mali ya mwenye ng'ombe aliyemzaa.

Katika miongo ya kwanza ya Virginia suala hili halikuwa na uzito. Tumbaku, iliyoanza kulimwa kwa ajili ya soko katika miaka ya 1610, ilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilitoka Uingereza kwenyewe, ambako ongezeko la watu na uhaba wa kazi viliwasukuma vijana kujifunga kwa mikataba ya miaka kadhaa ili walipiwe nauli. Kuanzia 1618 aliyelipa nauli ya mtu mwingine aliahidiwa ekari 50 za ardhi. Waafrika walikuwa wachache. Zaidi ya 20 kati yao waliteremshwa Point Comfort mwaka 1619 na meli ya White Lion, iliyokuwa imewapora kutoka meli ya Wareno iliyopakia mateka Luanda. Hadhi ya Waafrika hao na waliowafuata haikuwa ya namna moja. Anthony Johnson alipata uhuru wake na kufikia 1651 alidai ekari 250. John Punch, kwa upande mwingine, alitoroka mwaka 1640 pamoja na watumishi wawili wa Ulaya. Wenzake waliongezewa miaka ya utumishi, yeye akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Desturi ya utumwa ilikuwepo, basi, lakini haikuwa na sheria iliyoieleza.

Ni katika pengo hilo ambapo Elizabeth Key alifungua madai yake. Alizaliwa Virginia yapata mwaka 1630. Mama yake alikuwa Mwafrika mtumwa. Baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza aliyewahi kuketi katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1636 Key alimkabidhi binti huyo kwa Humphrey Higginson, baba yake wa ubatizo, kwa makubaliano kwamba atumike miaka 9 kisha awe huru. Makubaliano hayo hayakutimizwa. Alihamishiwa kwa John Mottram wa wilaya ya Northumberland, na Mottram alipofariki mwaka 1655, wasimamizi wa mirathi walimworodhesha Elizabeth kuwa mtumwa pamoja na mtoto wake wa kiume, John. Kufikia hapo alikuwa ametumika miaka 19.

Wakili wake alikuwa William Grinstead, kijana Mwingereza mtumishi wa mkataba aliyeijua sheria, na ndiye aliyekuwa baba wa mtoto huyo. Mahakamani waliitwa mashahidi wazee waliokumbuka kwamba Thomas Key aliwahi kutozwa faini kwa kumpa mimba mwanamke Mwafrika. Inafaa kutua hapa. Faini hiyo, ambayo wakati wake ilikuwa adhabu ya uzinzi tu, sasa ilikuwa ushahidi wa uhuru wa binti: utaratibu wa Kiingereza wa kumtambua baba ulikuwa umefanya kazi yake, na matokeo yake yalikuwa hatari kwa kila mwenye watumwa. Januari 1656 juri ya wilaya ilimpa Elizabeth ushindi. Mahakama Kuu ya koloni ikaupindua. Rufaa ikafika mbele ya Baraza Kuu, ambalo kamati yake ilitoa hoja tatu: kwamba kwa sheria ya kimapokeo mtoto wa mtu huru anapaswa kuwa huru, kwamba Elizabeth alikuwa Mkristo aliyebatizwa, na kwamba muda wa makubaliano ulikwisha zamani. Iliongeza kwamba alistahili kupewa nafaka na mavazi, na kufidiwa miaka aliyotumika kupita kiasi. Mwezi Julai alitangazwa huru, akafunga ndoa na Grinstead.

Watunga sheria walihitaji miaka 6 tu kuufunga mlango huo. Desemba 1662 Baraza Kuu lilitamka kuwa, kwa kuwa kumekuwa na shaka kuhusu watoto ambao Waingereza wamewazaa na wanawake weusi, watoto wote watakaozaliwa nchini watakuwa watumwa au huru kwa kufuata hali ya mama peke yake. Sheria haikumtaja Elizabeth Key, wala haikuhitaji kumtaja. Katika kikao hichohicho iliamuliwa kwamba mtumishi mwanamke wa mkataba aliyezaa na bwana wake auzwe na wazee wa kanisa kwa miaka miwili zaidi, kwa faida ya parokia. Sheria hizi mbili zikisomwa pamoja, inaonekana kwamba baba mwenye mali ndiye aliyelindwa. Kwa mwanamke wa mkataba, gharama iliangukia miaka yake mwenyewe. Kwa mwanamke mtumwa hapakuwa na gharama yoyote, kwa kuwa mtoto aliongezwa kwenye mali ya bwana. Mwaka 1667 hoja ya pili ya kamati nayo iliondolewa: ubatizo, sheria ilisema, haubadilishi hali ya utumwa.

Edmund Morgan, katika kitabu chake cha 1975, aliuweka uasi wa Bacon wa 1676 karibu na kiini cha maelezo ya jinsi Virginia ilivyoacha watumishi wa Kiingereza na kushika watumwa wa Kiafrika. Kwa upande wa idadi ya watu, hoja yake ina nguvu. Gavana William Berkeley alikadiria mwaka 1671 kwamba koloni lilikuwa na watu 40,000, ambao kati yao watumwa weusi walikuwa 2,000 na watumishi wa mkataba 6,000. Lakini takwimu hizo hizo zinaonyesha kwamba sheria ilitangulia idadi. Nasaba ya utumwa iliamuliwa wakati watumwa walikuwa sehemu ndogo ya jamii, muda mrefu kabla ya meli za watumwa kufika kwa wingi mwishoni mwa karne ya 17. Hofu ya maskini Waingereza waliojihami kwa silaha haiwezi kueleza uamuzi wa 1662. Maslahi ya wasimamizi wa mirathi yanaueleza vizuri zaidi.

Kwamba hapakuwa na kanuni moja iliyokuwa ya lazima kunathibitishwa na koloni jirani la Maryland. Huko, mwaka 1664, sheria iliamuru kwamba watoto wa mtumwa wawe watumwa kama baba zao walivyokuwa, na mwanamke huru wa Kiingereza aliyeolewa na mtumwa amtumikie bwana wa mumewe muda wote ambao mume yu hai. Upande wa baba ulibakizwa kwa sababu, katika ndoa zilizoisumbua Maryland, baba ndiye aliyekuwa mtumwa. Mwaka 1681 sheria hiyo ilirekebishwa, baada ya kudhihirika kwamba mabwana waliwashawishi watumishi wao wanawake waingie katika ndoa hizo ili wapate watoto wa kuwamiliki.