Fahamu: Uvimbe wa ubongo na jeni zinazoonyesha ugonjwa utakavyokwenda

Mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa anaanguka shambani. Anakakamaa, anatetemeka, na akizinduka hakumbuki kilichotokea. Jirani mmoja atasema ni mapepo, mwingine atasema amerogwa. Sababu zinaweza kuwa nyingi, na mojawapo, ingawa si ya kawaida, ni uvimbe unaokua ndani ya ubongo.

Familia ikifika hospitali kubwa na uvimbe huo ukaonekana, huja swali ambalo kila mtu analo moyoni: je, atapona? Na kama hatapona, atakuwa nasi kwa muda gani?

Kwa miaka mingi madaktari walijibu swali hilo kwa kutazama kipande cha uvimbe kwa hadubini. Tangu mwaka 2008 mambo yamebadilika. Leo sehemu kubwa ya jibu hutoka kwenye jeni za uvimbe wenyewe, zikiwemo zile zinazohusika na namna seli inavyotumia asidi amino. Makala haya yanaeleza jeni hizo ni zipi, zinafanya nini, na zina maana gani kwa mgonjwa na ndugu zake.

Asidi amino ni nini?

Ukila maharage, dagaa, mayai au nyama, tumbo na utumbo huvunja protini iliyomo hadi ikawa vipande vidogo sana. Vipande hivyo ndivyo asidi amino. Mwili hutumia aina 20 kujenga protini zake: za misuli, za damu, za ngozi na nyinginezo. Ni kama fundi anayebomoa ukuta wa zamani kisha akatumia matofali yaleyale kujenga nyumba mpya.

Baadhi ya asidi amino zina kazi zaidi ya ujenzi. Glutamati, kwa mfano, ndiyo mjumbe mkuu wa kuamsha seli za ubongo. Bila glutamati hakuna kukumbuka wala kujifunza. Ikizidi, seli za ubongo husisimka kupita kiasi na zinaweza kufa.

Kazi ya kuvunja, kubadili na kuunganisha asidi amino hufanywa na vimeng'enya. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa kufuata maelekezo ya jeni. Jeni ikibadilika au ikifanya kazi kupita kiasi, matumizi ya asidi amino ndani ya seli nayo hubadilika. Seli ya saratani, ambayo hugawanyika bila kupumzika, ina njaa kubwa ya matofali haya.

Uvimbe unaozungumziwa hapa

Uvimbe wa ubongo ni wa aina nyingi, na mwingine si saratani. Makala haya yanahusu glioma, uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazozitunza na kuzishikilia seli za neva. Glioma hupangwa kwa madaraja. La 1 ndilo la taratibu zaidi, na la 4 ndilo kali zaidi.

Glioma kali na ya kawaida kuliko zote kwa watu wazima huitwa glioblastoma. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 573. Kwa waliopata mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12.1. Kwa waliopata mionzi pamoja na dawa ya temozolomide, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 14.6. Mpaka leo upasuaji, mionzi na dawa hiyo ndivyo msingi wa matibabu yake.

Hata hivyo madaktari waliona jambo lililowasumbua. Wagonjwa wawili wangeweza kuwa na uvimbe unaofanana kabisa kwenye hadubini, mmoja akafariki ndani ya mwaka mmoja, mwingine akaishi miaka. Tofauti ilikuwa wapi?

IDH1: badiliko dogo, tofauti kubwa

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichunguza zaidi ya jeni 20,000 katika uvimbe wa wagonjwa 22 wa glioblastoma. Kwa baadhi yao, hasa wenye umri mdogo, walikuta jeni iitwayo IDH1 imebadilika. Badiliko lenyewe ni dogo sana. Kwenye kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo, asidi amino moja tu, iliyo kwenye nafasi ya 132, imeondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake.

Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha uzito wa badiliko hilo. Miongoni mwa wagonjwa wa glioblastoma, waliokuwa na IDH iliyobadilika waliishi miezi 31 kwa kipimo cha katikati, na wale ambao yao haikubadilika waliishi miezi 15. Badiliko hilo lilikutwa pia katika sehemu kubwa ya glioma za daraja la 2 na la 3.

Familia nyingi huuliza kama watoto watarithi. Badiliko hili kwa kawaida hutokea ndani ya seli za uvimbe tu, baada ya mtu kuzaliwa. Hakurithi kwa wazazi, na hawarithishi watoto wake. Wala halimwambukizi mtu.

Ufunguo bandia

Mwaka 2009 iligunduliwa pia kwamba kimeng'enya cha IDH1 kilichobadilika hutengeneza kemikali ambayo katika seli ya kawaida huwa ni kidogo mno. Kwa kifupi huitwa 2HG. Umbo lake linakaribia sana la glutamati na jamaa zake. Hapo ndipo habari ya asidi amino inapoingia.

Fikiria ufunguo bandia unaoingia kwenye kitasa lakini haufungui. Ukikwama humo, hata ufunguo halisi hauwezi kuingia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba 2HG huvizuia hivyo vimeng'enya viwili, BCAT1 na BCAT2. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni kuchukua nitrojeni kutoka kwenye asidi amino tatu za chakula, yaani leusini, isoleusini na valini, na kuitumia kutengeneza glutamati. Njia hiyo ikizibwa, seli ya uvimbe hulazimika kutegemea asidi amino nyingine, glutamini, ili ipate glutamati inayohitaji.

Hiyo haielezi kila kitu, kwa sababu 2HG huvuruga pia namna jeni nyingine zinavyofunguliwa na kufungwa. Na hapa pana jambo la kushangaza: badiliko lilelile linalosaidia kuanzisha uvimbe ndilo linaloandamana na uvimbe unaokwenda taratibu zaidi.

BCAT1 na lango la glutamati

Kwenye glioma ambazo IDH haijabadilika, hali huwa kinyume. Mwaka 2013 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walikuta BCAT1 ikifanya kazi kwa nguvu katika uvimbe wa aina hiyo. Walipoizima katika seli za maabara, seli ziligawanyika polepole na zikapungua uwezo wa kuvamia. Walipojaribu kwa panya, uvimbe ulikua kidogo.

Jeni nyingine inayofuatiliwa ni SLC7A11. Hii hutoa maelekezo ya kujenga lango kwenye ukuta wa seli. Kupitia lango hilo, seli ya uvimbe huingiza asidi amino iitwayo sistini, inayoisaidia kujikinga isiharibiwe, na wakati huohuo humwaga glutamati nje. Glutamati hiyo huzisisimua seli za jirani. Nyingine hufa na kuuachia uvimbe nafasi, na mgonjwa anaweza kuanguka kifafa. Uvimbe wenye malango mengi ya aina hii umeonekana kukua haraka zaidi na kuwa na matokeo mabaya zaidi.

Lakini kuanguka kifafa peke yake hakumaanishi kwamba ugonjwa ni wa aina mbaya zaidi. Wagonjwa ambao IDH yao imebadilika, wale ambao kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi, nao hupata kifafa mara nyingi.

Je, jeni ndiyo hukumu ya mwisho?

Hapana. Daktari akitaja miezi 15 kama kipimo cha katikati, maana yake ni kwamba nusu ya wagonjwa waliishi chini ya hapo na nusu waliishi zaidi, wengine zaidi sana. Kipimo hicho kinalieleza kundi. Mgonjwa mmoja ana umri wake, afya yake, mahali uvimbe ulipo, na kiasi ambacho daktari wa upasuaji ameweza kuondoa.

Watafiti wameendelea kutengeneza orodha za jeni nyingi za asidi amino ili kuwagawa wagonjwa katika makundi ya hatari kubwa na hatari ndogo. Orodha hizo bado ni za utafiti. IDH ni tofauti: tangu mwaka 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unaitumia kuutaja ugonjwa wenyewe. Kwa mwongozo wa mwaka 2021, glioma ya mtu mzima yenye IDH iliyobadilika haiitwi tena glioblastoma.

Kujua IDH sasa kunagusa hata matibabu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya dawa ya vidonge iitwayo vorasidenib, inayokizuia kimeng'enya kilichobadilika. Kwa wagonjwa 331 wa glioma ya daraja la 2, kipimo cha katikati cha muda kabla ugonjwa haujaendelea au mgonjwa kufariki kilikuwa miezi 27.7 kwa waliomeza dawa, na miezi 11.1 kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwezi Agosti 2024.

Usimnyime mgonjwa chakula

Mtu akisikia kwamba uvimbe una njaa ya asidi amino, anaweza kufikiri kwamba mgonjwa akiacha maharage, nyama na maziwa, uvimbe utakufa. Usifanye hivyo. Chakula kikipungua, mwili huvunja misuli yake wenyewe ili asidi amino zisikosekane kwenye damu. Uvimbe utaendelea kupata, na mgonjwa atabaki dhaifu asiyeweza kuhimili upasuaji, mionzi wala dawa. Mpe mlo kamili, wenye protini, kwa kadiri anavyoweza kula.

Dalili za kuwahi hospitali

• Mtu mzima kuanguka kifafa kwa mara ya kwanza.
• Maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, hasa asubuhi, pamoja na kutapika.
• Mkono au mguu wa upande mmoja kupoteza nguvu.
• Kuona au kuongea kwa shida, au tabia kubadilika bila sababu.

Dalili hizi zina sababu nyingine pia. Katika maeneo yanayofuga nguruwe, kifafa cha ukubwani mara nyingi hutokana na viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vilivyofika kwenye ubongo, na ugonjwa huo una tiba. Kipimo cha CT-Scan au MRI ndicho kinachosaidia kutofautisha. Kwa Tanzania, upasuaji wa ubongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na mionzi hutolewa Ocean Road. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe ili upewe rufaa.

Maswali ya kumuuliza daktari

• Uvimbe huu ni wa aina gani, na wa daraja la ngapi?
• Kinyama kilichochukuliwa kimepimwa IDH? Kuna kipimo cha kukipaka rangi maalumu ambacho hugundua sehemu kubwa ya mabadiliko ya IDH1 bila mashine ya kusoma jeni.
• Kama hakijapimwa, kimehifadhiwa ili kiweze kupimwa baadaye?
• Matokeo hayo yanabadilishaje matibabu ya mgonjwa wetu?

Omba nakala ya majibu ya maabara na uitunze pamoja na picha za vipimo. Mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine, karatasi hiyo itamwokolea muda, na kwa ugonjwa huu muda ni mali.