Alifu, kasida na Abunuwasi: Kiarabu cha watoto kutoka Pwani hadi Voi

Kiarabu cha kwanza anachokutana nacho mtoto wa Kiislamu mjini Voi ni cha kuimbwa. Chuoni, au madrasa kama wengi wasemavyo leo, herufi husomwa kwa pamoja na kwa mahadhi: be ina nukta moja chini, te mbili juu, the tatu juu. Zikishakaa kichwani huongezwa irabu, na kila herufi huzungushwa kwa a, i na u mpaka ulimi uzoee. Mwalimu husoma, watoto huitikia, na anayekosea husikika mara moja kwa sababu ameharibu mahadhi. Zamani kitabu chenyewe kilikuwa ubao wa mti, kalamu ya tete na wino wa masizi. Somo likihifadhiwa, ubao ulioshwa ukaandikwa jingine. Baadaye vikaja vijitabu vya kuanzia vilivyochapishwa Cairo na Bombay. Baada ya herufi hufuata Juzuu Amma, yenye sura 37 fupifupi za mwisho wa Kurani, nayo husomwa kuanzia nyuma kwa kuwa sura nyepesi ziko huko. Amalizaye msahafu wote hufanyiwa sherehe ya kuhitimu.

Mtindo huu ulifika Taita Taveta, ulipo mji wa Voi, kwa njia ya biashara. Taveta ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Mombasa kwenda Kilimanjaro, na mmisionari Johannes Rebmann alipokatiza nchi ya Wataita mwaka 1848, kiongozi wake alikuwa Mswahili Mwislamu, Bwana Kheri. Kisha ikaja reli: ujenzi ulioanza Mombasa mwaka 1896 ulipita Voi na kufika Tsavo mwaka 1898, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia tawi likakatwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Milimani mambo yalikwenda vingine. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki wakajenga Bura mwaka 1892, na mwaka 1894 J. A. Wray alichapisha kitabu cha kufunzia Kitaita. Watoto wa huko wakaijua herufi ya Kirumi na nyimbo za kanisani. Ndiyo maana chuo cha Kiarabu kilishika mizizi zaidi mijini, penye maduka na stesheni, kuliko vijijini katika milima ya Dawida.

Nyimbo za Kiarabu zilizowafaa watoto wa Pwani hazikutungwa kwa ajili ya kitanda wala mchezo. Ni kasida za Maulidi, na mwenye sauti nzuri hutangulizwa mbele hata akiwa na miaka saba. Maarufu kuliko zote ni Twalaal Badru, ambayo masimulizi yanasema iliimbwa na watu wa Madina wakimpokea Mtume. Barzanji nayo, iliyotungwa Madina katika karne ya 18, ndiyo husomwa Maulidi mengi ya Pwani. Mtoto huimba beti nyingi bila kujua maana ya neno hata moja, kasoro ambayo masheikh wenyewe wameilalamikia.

Hadithi ndizo zilizovuka lugha kikamilifu. Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, huku amekuwa Abunuwasi, mjanja wa kuwatega matajiri na masultani, na watoto wengi hawajui kama alipata kuandika shairi. Askofu Edward Steere alizikusanya ngano za Unguja katika kitabu cha mwaka 1870. Mojawapo ni ya Goso, mwalimu aliyesomesha watoto chini ya mbuyu hadi buyu likamwangukia akafa. Wanafunzi wanamsaka muuaji: wanaushika upepo wa kusi, nao unasingizia kiambaza, kiambaza kinamtaja panya, panya anamtaja paka, na mlolongo unaendelea mpaka kwa paa. Mtoto akiurudia bila kuruka kiungo amejifunza kukariri, na amemcheka mwalimu wake bila adhabu.

Misri ilipata vitabu vya watoto vya kisasa mapema: Ahmad Shawqi alitunga mashairi ya wanyama, na Kamil Kilani akaanza kuchapisha hadithi za watoto mwaka 1927. Pwani ya Kenya mageuzi yalikuja kwa mlango wa dini. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye kuwa Kadhi Mkuu, aliandika vitabu vya kufundishia dini kwa Kiswahili, ili mtoto aelewe anachokisoma. Hatua hiyo ilikuwa na uzito zaidi kuliko uchapaji wote wa Bombay.

Katikati ya miaka ya 1980 mwalimu Bi Swafiya Said alishiriki kuanzisha Mombasa shule za awali zilizochanganya malezi ya Kiislamu, nyimbo na michezo, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo ukaenea Zanzibar na Uganda. Kwa upande wa serikali, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 una elimu ya dini ya Kiislamu tangu madarasa ya awali, lakini Kiarabu chenyewe ni lugha ya hiari kuanzia Gredi ya Nne. Mzazi wa Voi anayetaka mwanawe aijue alifu kabla ya hapo bado humpeleka chuoni.