Feni ya rejeta: Siri imo katika mahali pa kihisi joto

FENI ya umeme inayopoza rejeta ya gari haijiamulii lolote. Huwaka na kuzimika kwa amri ya kifaa kidogo kisichozidi kidole gumba, yaani kihisi joto, ambacho mafundi wa gereji hukiita sensa. Mahali kilipofungwa ndipo panapoamua iwapo injini itanusurika katika msongamano wa jioni wa Barabara ya Jogoo, Nairobi, au mwenye gari atalazimika kununua silinda hedi mpya.

Gari linapokwenda kasi, upepo unaoingia kwa mbele hutosha kupoza rejeta. Feni huhitajika hasa gari likisimama au likijikokota. Ndiyo maana gari linalochemka mjini na kutulia kwenye barabara kuu hushukiwa feni, ilhali linalochemka likiwa mbioni hushukiwa rejeta iliyoziba, pampu ya maji au themostati.

Kihisi huwa na makao mawili. La kwanza ni upande wa injini, karibu na silinda hedi, kabla maji hayajapita themostati. Hapo husoma joto la injini yenyewe. La pili ni kwenye rejeta, aghalabu upande wa chini maji yanakorudi injini. Hapo husoma joto lililosalia baada ya rejeta kufanya kazi yake, na swichi ya aina hiyo kwa kawaida huwasha feni maji yakifika nyuzi 92 hadi 97 za Selsiasi.

Tofauti hiyo si ndogo. Themostati, ambayo hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 hivi, ikikwama ikiwa imefungwa, maji moto hubaki ndani ya injini na rejeta hubaki baridi. Swichi ya chini haina habari. Feni imelala huku injini ikiungua. Fundi mwenye pupa hununua feni nyingine. Fundi makini hulinganisha kwanza: ikiwa mshale wa joto umepanda na rejeta ni baridi, feni haina hatia.

Katika magari mengi ya kisasa, kihisi cha upande wa injini hupeleka habari kwa kompyuta. Ukinzani wake hupungua joto linapopanda: katika Toyota nyingi ni ohmu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kompyuta nayo huamuru rilei, kwa kuwa feni hula ampea 10 hadi 20, pengine zaidi, mkondo ambao ungeunguza kifaa kidogo kama hicho. Plagi ya kihisi ikichomolewa, kompyuta nyingi huwasha feni kwa tahadhari. Jaribio hilo, linalopendwa sana gerejini, huthibitisha kwamba mota, rilei na nyaya ni nzima. Kuhusu kihisi chenyewe halithibitishi neno.

Kihisi sharti kizame majini. Maji yakipungua, hubaki katika hewa au mvuke, na mshale huweza kushuka wakati injini inapoungua. Mfuniko wa rejeta nao una lake. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Mfuniko mzima hulipandisha joto hilo hadi zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko uliolegea huyaacha maji yachemke kabla feni haijaitwa, na lawama zikaangukia kihisi kisicho na kosa.

Kisha kuna desturi ya kuunganisha feni moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Feni huzunguka kutwa, mota ikachakaa mapema. Themostati ikiondolewa pia, kama ifanywavyo mara nyingi, injini haifikii joto lake, na kompyuta huendelea kuimiminia petroli kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa alfajiri.