Toyota: mabingwa wa Safari Rally walioshindwa langalanga

Leo tuweke kando test na stori za bumu, tuongee historia. Mie mtu wa Ruaruke, kule Kibiti. Kwetu masika yakikolea, ukiuliza gari gani litafika, utajibiwa Land Cruiser hata swali hujamaliza. Sifa hiyo ina historia, na sisi tumo ndani yake.

Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikabaki Kenya peke yake. Mwaka 1975 aliishinda Msweden Ove Andersson, tena kwa Peugeot 504. Huyu ndiye mwanzilishi wa timu ya rally ya Toyota barani Ulaya, iliyokuja kuweka makao Cologne, Ujerumani. Yaani bosi mwenyewe alishalijua tope letu.

Matokeo yake: ushindi wa Safari 1984, 1985, 1986, 1990, halafu 1992 hadi 1995 mfululizo! Mwaka 1993 walibeba nafasi 4 za kwanza, na 1994 dereva alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Siyo uchawi jamani. Walikuwa wanakuja mapema, wanazipita barabara kwa mazoezi, gari linafungwa bomba refu la hewa ili injini isinywe maji mtoni. Helikopta inatangulia kuangalia ng'ombe na malori.

Mwishoni mwa 1995 likawapata. Kule Catalunya, Hispania, walikutwa wamechezea kifaa cha kupunguza hewa ya turbo, FIA ikawafungia miezi 12. Walirudi, wakachukua ubingwa wa dunia wa makampuni 1999, kisha wakaiacha rally wakakimbilia langalanga, yaani Formula One. Misimu 8, kuanzia 2002 mpaka 2009, pesa kama mchanga, ushindi sifuri.

Karakana ileile ya Cologne ikageukia mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Mwaka 2016 gari lao lilikuwa linaongoza, likazimika zikiwa zimebaki kama dakika 3! Hawakususa. Walishinda 2018 na kuendelea hadi 2022, miaka 5 mfululizo. Na Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ikashinda, safari hii na timu yenye makao Finland. Mwaka 2022 wakabeba tena nafasi zote 4 za juu.

Mie ninayesomea ualimu naona hivi: ubingwa wa sehemu moja hauhamishiki kwenye begi. Kwetu walishinda kwa sababu walikubali kuwa wanafunzi wa barabara zetu. Kwenye langalanga walikuwa na hela, lakini wenzao walishalisoma somo hilo miaka mingi. Na ukiulizwa nani aliifundisha Toyota uvumilivu, usitaje Japani peke yake. Taja na tope la Afrika Mashariki.

Haya, ngoja nikawahi msosi kantini. Tuko pamoja.