Hita ya maji na chumvi ya Uvinza

Wadau, hita ikianza kuunguruma na kuchelewa kupasha maji, wengi tunalaumu umeme. Mara nyingi mkosaji ni chokaa iliyoganda kwenye koili.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita Usinge na kufika Kigoma 1914. Garimoshi la mvuke liliugua ugonjwa huohuo: madini ya maji yaliganda ndani ya boila, moto ukashindwa kupenya, chuma kikaungua. Ndiyo maana maboila yalioshwa mara kwa mara.

Lakini mimi napinga wanaosema ufundi ulikuja na reli. Mbele ya Usinge, kule Uvinza, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1000. Maji yalikwenda na mvuke, chumvi ikabaki chunguni, misafara ikainunua. Walijua maji huacha nini.

Kwenye hita, mabaki hayo ni hasara tu. Zima swichi kuu, hakikisha kwa tesita, mwaga maji, toa koili, loweka sehemu yenye chokaa kwenye siki. Ikiwa imekatika, nunua nyingine.

Nawasilisha.